Hori Tupu Mpaka Usiku wa Mkesha

Juma hili la mwisho la Majilio kila mtu nyumbani ana la kufanya. Mama anapiga hesabu ya mchele na nyama, baba anahangaikia tiketi za basi la kwenda kijijini, dada mkubwa anasukwa nywele. Wadogo wameambiwa neno moja tu: subirini. Wasubiri nguo, wasubiri soda, wasubiri wageni. Siku yenyewe ikifika wataambiwa jingine: nendeni mkacheze nje, wakubwa wanaongea. Tunasherehekea kuzaliwa kwa mtoto, na watoto wa nyumba hawana kazi yoyote katika sherehe hiyo.

Ndugu wazazi, mwaka huu wapeni kazi.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi angetuelewa. Mwaka 1223, kama majuma mawili kabla ya Noeli, alimwomba rafiki yake mmoja wa Greccio, kijiji cha milimani katikati ya Italia, amtayarishie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi yule mtoto alivyozaliwa katika uhaba. Usiku wa Noeli watu wakapanda na mishumaa na mienge. Misa ikaadhimishwa penye hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Injili yenyewe walikuwa wameisikia tangu utoto wao. Usiku ule waliisikia pamoja na pumzi za ng'ombe na harufu ya zizi. Mtoto wa miaka minne anahitaji jambo hilohilo. Mahubiri yangu hayashiki (sina kinyongo), lakini mpe udongo mkononi uone.

Basi tengenezeni pango, na msilinunue. Yale ya dukani yana sanamu za kuvunjika, na mtoto atatumia Noeli nzima akikemewa asiguse. Boksi la sabuni lililolazwa ubavu linatosha kuwa zizi, na majani makavu ya mgomba yanaezeka paa vizuri kuliko karatasi yoyote. Magunzi ya mahindi yaliyovikwa vipande vya khanga ni wachungaji, mabua ni ukuta, udongo wa mfinyanzi ni kondoo, hata kama kondoo mwenyewe atafanana na kiatu. Nyota ikatwe kwenye karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya biskuti. Watoto watauliza kuhusu punda. Waambieni ukweli: Luka hamtaji punda wala ng'ombe, hao tumewaazima kwa nabii Isaya, sura ya kwanza, aya ya tatu. Wakitaka kuongeza kuku na mbwa wa nyumbani, nani atawakatalia? Zizi ni zizi.

Jambo moja tu ndilo nalisisitiza. Hori ikae tupu. Maria na Yosefu wawepo, wachungaji wawe mbali kidogo, lakini mtoto asilazwe mpaka usiku wa mkesha mtakaporudi kanisani, au kabla ya kulala kama kanisa ni mbali. Baba au bibi asome Luka sura ya pili, tangu mwanzo mpaka aya ya ishirini, taratibu, simu zikiwa zimezimwa. Kisha aliye mdogo kuliko wote anayeweza kutembea amlaze Yesu mahali pake. Mdogo, si mwenye akili darasani, wala mgeni aliyetoka mjini na zawadi.

Zipo familia zinazoongeza desturi nyingine: kila mtoto atendapo jema katika Majilio, anaweka unyasi mmoja horini. Ni nzuri, ila nina wasiwasi nayo kidogo. Watoto wakianza kuhesabu, pango linageuka ubao wa matokeo ya mtihani. Mkiifanya, nyasi za wote zichanganywe, na wazazi nao waweke za kwao.

Kwa kungoja siku kuna dawa nyingine, na kwa hiyo tunawashukuru ndugu zetu Walutheri. Mwaka 1839, mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani, alichoshwa na swali la kila siku: Noeli ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za juma na mikubwa minne myeupe kwa Dominika, na kila siku ukawashwa mmoja zaidi. Ndilo shada la Majilio tunaloliona leo karibu na altare. Nyumbani weka mishumaa minne kwenye sinia lenye mchanga, uzungushie maua ya mkrismasi, mti unaowaka wekundu wake Desemba bila kuagizwa na mtu. Kiberiti ashike mkubwa, na majani makavu yakae mbali: mvinje uliokauka hushika moto upesi.

Na chakula je? Sisemi pilau ipunguzwe. Wanaosimulia maisha ya Fransisko wanasema kwamba Noeli ilipoangukia Ijumaa, ndugu mmoja aliuliza kama kuna kufunga, naye Fransisko akakasirika. Siku kama ile, alisema, hata kuta zingekula nyama, na kwa kuwa haziwezi, zipakwe kwa nje! Alitamani pia matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe majani, na nafaka imwagwe njiani kwa ajili ya ndege. Kazi hizo zote za watoto. Asubuhi ya Noeli, kabla ya nguo mpya kuchafuka, waende bandani na majani ya nyongeza, wamwage punje uani kwa ajili ya ndege. Kisha sahani ya kwanza ya pilau, ya kwanza hasa wala si ya mabaki, ifunikwe na kupelekwa kwa jirani asiyepika. Mtoto aibebe mwenyewe, mkubwa akimfuata nyuma. Watoto wa Utoto Mtakatifu hawatashangaa. Tangu askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha chama hicho Ufaransa mwaka 1843, kazi yao ni watoto kuwasaidia watoto wenzao.

Wengi wetu tunafunga Noeli tarehe 26, sufuria zikishaoshwa. Kanisa halifanyi hivyo. Tarehe 28 tunawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode. Msiwafiche wadogo habari hiyo, wao wanajua kwamba duniani kuna watu wabaya. Waelezeni kwa kifupi, kisha muwawekee mikono kichwani na kuwabariki. Mzazi ana ruhusa ya kumbariki mwanawe bila kumngoja padre.

Na mamajusi wasifike mapema. Wawekeni mwisho kabisa wa nyumba, dirishani chumbani, na kila siku mtoto awasogeze hatua moja: leo kwenye kiti, kesho juu ya redio, keshokutwa mlangoni, mpaka Epifania. Mdogo akiamua kuwapakia kwenye gari lake la mabua ili wawahi, muulizeni tu nyota imepita njia gani, halafu mwacheni aendeshe.