Kitanzi cha waya na ngozi ya chui: Uislamu unasemaje?



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri hapa Tunduma, mzee mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Ustadhi, kijana wangu ameahidiwa pesa avushe ngozi ya chui upande wa Zambia. Anasema ngozi ikishadabighiwa imetoharika, kwa hiyo biashara yake ni halali. Amesoma kwako. Ndivyo ulivyomfundisha?"

Swali lile lilinichoma, kwani somo la kudabighi ngozi ni kweli nilimfundisha mimi. Nilieleza tohara, nikaishia hapo. Leo nalikamilisha.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi ngozi ya mnyama aliyekufa, isipokuwa mbwa na nguruwe, hutoharika kwa kudabighiwa. Lakini tohara ni suala moja, na uhalali wa kukitumia kitu ni suala jingine. Noti ya wizi haina najisi, lakini nani atasema ni halali? Abu Daud amepokea hadithi ambazo Mtume (s.a.w.) anakataza ngozi za wanyama wakali, na nyingine anayokataza kupanda juu ya ngozi za chui. Kijana amechukua nusu ya fiqhi iliyompendeza, akaiacha iliyombana.

Pili, tuutazame mtego wenyewe. Kinachotumika sana vijijini ni kitanzi cha waya. Mnyama akiingiza shingo hujivuta, waya hukaza, naye hufa polepole. Suratul Maida, aya ya 3, imemtaja mnyama aliyenyongeka miongoni mwa vilivyoharamishwa, ila akiwahiwa yu hai akachinjwa. Basi digidigi aliyekutwa asubuhi amekufa kitanzini ni mzoga, hata kama muuzaji wa nyama yake ni Muislamu mwenye kofia.

Tena waya hauchagui. Jirani zetu wa Rungwe wanaye kima aitwaye kipunji, mwenye manyoya marefu yanayomkinga na baridi ya mlimani. Watafiti walimtambua mwaka 2003, na hapatikani nje ya Tanzania. Mwaka 2005 kipunji mmoja alikufa katika mtego uliotegwa kwenye shamba la mahindi. Kwa mzoga ule ndipo wanasayansi walipobaini, mwaka 2006, kuwa ni jenasi mpya kabisa. Mkulima alikuwa akilinda mahindi yake tu.

Najua mkulima atauliza: nyani wanamaliza shamba, nifanyeje? Ana haki ya kuuliza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu, kwa masharti, kujihami na kulinda mali. Inachokataza ni kuwinda bila kibali, kutumia mitego, mashimo na sumu, na kukutwa na nyara bila hati. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali. Mwenye madai ayapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Asiyapeleke kwa waya.

Ndugu zangu, anayeacha haramu kwa kumuogopa askari wa mpakani, hofu yake inakwisha askari akigeuka. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Paka mmoja tu! Na Suratul An'am, aya ya 38, yatufundisha kuwa wanyama ni umma mfano wetu. Itakuwaje kwa anayetega nyaya hamsini, akasahau alikotega kumi?

Nilimjibu yule mzee: "Baba, somo langu lilikuwa pungufu, na lawama hiyo ni yangu. Mwambie mwanao asiipokee ngozi ile. Kisha aje, tumalizie kitabu."

Ewe Mola, tujaalie riziki ya halali japo iwe ndogo, na uturehemu kama tunavyowahurumia viumbe wako. Amin.