Kosa la Mpiga Ngoma

Hugh Tracey aliporekodi ngoma za Tanganyika mwaka 1950, sauti zote ziliingia pamoja. Kosa la mmoja halikuweza kutengwa na uzuri wa wenzake. Leo, chumbani mwangu Njombe, kompyuta hupokea kila chombo katika njia yake: dramu kubwa ina maikrofoni yake, dramu ndogo yake, na matoazi yake. Pigo lililochelewa husogezwa kwa kidole. Je, huo ni udanganyifu?

Nilimnyoshea mapigo kijana mmoja wa Makambako pasipo kumwuliza. Alisikiliza, akasifu, kisha akasema, "Mwalimu, huyu aliyepiga ni nani?" Niliona haya, nikayarudisha mapigo yake ya awali. Kumsahihisha mtu kwa ridhaa yake ni msaada. Bila ridhaa ni kumwibia nafsi yake.