Mpwa Wangu, Anza na Pini

Mpwa wangu, mama yako ameniambia umepata trela la kubebea ng'ombe, na kwamba mvua ikipungua utaanza kuwasafirisha kutoka hapa Naitiri hadi Chwele na Kitale, mara kwa pikapu yako, mara kwa trekta aliloliacha baba yako. Kazi hiyo ni njema. Ng'ombe wa maziwa hafai kuswagwa kwa fimbo kilomita na kilomita juu ya lami, akifika sokoni ulimi nje na kwato zimechubuka. Lakini mimi ndiye khocha wako, mjomba wako, mimi ndiye niliyekuvisha luliki, ile nyama ya ng'ombe, shingoni mwaka ule wa tohara, kwa hiyo nina haki ya kukuambia lisilokupendeza. Utanivumilia nikirudiarudia. Maneno haya nimewaambia vijana wengi, na wengine wao nimewazika.

Kila kijana anayekuja kuniuliza habari za trela huanza na injini. Ina farasi wangapi, itapanda mlima au haitapanda. Injini ikishindwa, gari litasimama tu njiani na utalala hapo ukisubiri fundi. Kinachoua ni pale trela linaposhikana na gari, yaani hichi: pini, tufe la chuma, mkono wa trela, bolti nne au sita zilizofichika chini ya bampa. Vitu hivyo havinunuliwi kwa fahari wala havina wa kuvisifu barabarani, ndiyo maana watu huviacha mpaka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ng'ombe mmoja wa Friesian aliyekomaa hufika kilo 500, pengine 600. Weka wawili, hiyo ni tani moja na zaidi. Trela lenyewe la chuma na mbao, tuseme kilo 700. Sasa tazama kitabu cha pikapu yako. Pikapu nyingi zimeruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa trela halina breki zake lenyewe. Kwa maneno mengine, ng'ombe mmoja tu pamoja na trela ameshapita kipimo. Walioitengeneza pikapu walijua kwamba itavuta zaidi ya hapo bila shida. Walichohofia ni kusimama. Kwa hiyo trela lako likiwa halina breki, usipoteze muda kutafuta hichi. Tafuta kwanza ekseli yenye breki. Zipo zile zinazojifunga zenyewe trela linaposukuma gari kwa nyuma, na hizo hazihitaji umeme wala fundi wa mbali.

Jambo la pili ni uzito unaolalia hichi. Trela la namna yako linatakiwa likandamize kidogo kwenye tufe: wafugaji wa farasi wa Marekani hushika asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, Waingereza huridhika na pungufu ya hapo. Kwa hesabu yetu ya kilo 1,700, asilimia 10 ni kilo 170. Kabla ya kwenda mbali, hakikisha gari lako na hichi yako vimeruhusiwa kubeba kiasi hicho, maana hichi nyingi zimeandikwa kiwango chake kwenye kibati kidogo na hakuna anayeinama kukisoma. Uzito ukiwa mwingi mno hapo mbele, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi. Ukiwa mdogo mno, au ng'ombe wakirudi nyuma ya ekseli, trela huanza kuyumba kulia na kushoto, na kila ukikanyaga breki ya gari linazidi. Wengi hapo hushtuka na kukanyaga kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo ushuke wenyewe.

Kuupima uzito huo hakuhitaji mtambo. Ile mizani ya jukwaa tunayopimia magunia ya mahindi, gunia la kilo 90, inatosha kabisa. Weka gogo imara juu yake, shusha pua ya trela juu ya gogo kwa kimo kilekile cha hichi, kisha soma. Fanya hivyo trela likiwa na mzigo, mahali pa tambarare, na mtu wa kuzuia magurudumu. Nashangaa watu wanaopima mahindi kwa gramu na hawajawahi kupima kitu kitakachokaa nyuma ya watoto wao.

Na tufe lenyewe? Lisome pia. Mengi yanayotumika huku ni ya milimita 50. Kuna trela za Kimarekani zenye kikombe kikubwa zaidi, cha karibu milimita 59. Kikombe hicho kitaingia juu ya tufe dogo, kitafungika, na utaamini mambo ni sawa mpaka ukutane na tuta la kwanza. Pia trela likae sawasawa na ardhi. Likiinua pua, uzito wote unakimbilia nyuma, nawe umerudi kwenye kuyumba.

Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu, wametengeneza nusu ya vitu vilivyomo bomani mwangu. Lakini usimruhusu fundi yeyote achomelee tufe kwenye bampa. Bampa ni bati la kukinga taa. Hichi hufungwa kwenye chesisi, kwa bolti ngumu zilizochongwa alama 8.8 kichwani, na bamba nene upande wa pili ili tundu lisipanuke. Baada ya safari ya kwanza ukaze tena zote.

Utasikia pia habari za trela zenye shingo ndefu inayokaa ndani ya boksi la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Wenye farasi wengi ughaibuni wanazipenda, na kweli zimetulia sana barabarani. Lakini hukalia gari kwa robo ya uzito wao au karibu, na wewe boksi hilo unalihitaji kwa majani na maziwa. Usijisumbue.

Sasa tuje kwenye trekta, na hapa nakuomba uketi vizuri.

Zamani trekta zilivuta jembe kwa mnyororo. Jembe likigonga mwamba, magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzunguka, mbele panainuka, na trekta zima linampindukia dereva. Harry Ferguson wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884, aliliwazia jambo hilo kwa miaka, akatengeneza mikono mitatu: miwili ya chini huvuta, mmoja wa juu husukuma mbele. Jembe likikwama, ule wa juu hukandamiza pua ya trekta chini. Ndiyo mikono unayoiona kwenye kila Massey Ferguson hapa Tongaren. Ilitengenezwa kwa ajili ya kulima. Kijana akikwama kwenye tope jekundu la Aprili akafunga mnyororo pale juu, mahali pa mkono wa tatu, amelibomoa alilolijenga mzee yule. Kila mvuto unaopita juu ya ekseli ya nyuma unainua magurudumu ya mbele. Trekta hupinduka chini ya sekunde mbili, na mguu haufiki kwenye klachi.

Kwa hiyo trela la ng'ombe, gari lililokwama, kisiki, kila kitu kinachoburutwa, kivutwe kutoka kwenye ule upau wa chini, chini kabisa ya ekseli. Usitumie lile fito lenye matundu linalokaa kati ya mikono miwili ya chini kama mikono imeinuliwa, au kama haikufungwa kwa minyororo ya pembeni. Litayumba, na likipanda juu mvuto unapanda nalo.

Halafu pini. Mwanangu, nikipita sokoni hutazama pini za trekta kabla ya kutazama nyuso za watu. Naona nondo za ujenzi zilizokatwa, naona misumari mikubwa, naona bolti iliyolika katikati mpaka imebaki nyembamba. Nondo hiyo imetengenezwa kushika zege. Pini ya kweli hujaza tundu, ina kichwa juu na kifungio chini, kwa sababu kwenye mashimo ya barabara zetu pini isiyofungwa hupanda yenyewe polepole mpaka itoke. Usiku trela linabaki peke yake katikati ya njia, halina taa wala kiakisi, na anayekuja nyuma ni matatu iliyojaa watu.

Trekta dogo lina uzito wa tani mbili hivi. Magunia 60 ya mahindi ni kilo 5,400 kabla hujahesabu trela. Ukiteremka kuelekea daraja la Kamukuywa na mzigo huo usio na breki, ni trela linaloamua. Teremka kwa gia uliyoipandia, na usikanyage klachi katikati ya mteremko. Funga minyororo miwili, ipishane chini ya mkono wa trela, ili pini ikikatika mkono uanguke juu ya minyororo na usichimbe lami.

Na ng'ombe nao wana miguu, mzigo wako unatembea. Watenge kwa ubao ili wasirudi nyuma. Ukibeba mmoja tu, mweke upande wa kulia, kwa kuwa barabara zetu huinama kushoto kuelekea mtaro na sisi huendesha kushoto. Aliye mzito akae mbele kidogo ya ekseli, kisha upime tena.

Jumamosi uje na trela tupu, mizani ya magunia naitoa ghalani. Ile nondo uliyoiweka badala ya pini uje nayo pia, nitaichukua mimi, nifungie nayo kibanda cha kuku. Na jirani uliyekubali kumbebea ng'ombe wake mwambie asubiri.