Mifupa ya Tendaguru na Gharika ya Nuhu

Soma: Mwanzo 7:11–24, Ayubu 38:4–18, Mathayo 24:37–39, Waebrania 11:7, 2 Petro 3:3–7.

Kijana wa Kawe anayesoma jiolojia chuo kikuu ataketi darasani Sabato moja na kuuliza: "Mwalimu, je, Gharika ndiyo iliyozika visukuku vyote vilivyomo kwenye miamba?" Wengi wetu tumezoea kujibu "ndiyo" upesi, kisha tunaendelea na fungu linalofuata. Leo tusiharakishe.

Jibu hilo lina historia ndani ya kanisa letu. George McCready Price, mwalimu Mwadventista wa Amerika ya Kaskazini, alilitetea katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1923. Alifundisha kwamba mpangilio wa tabaka za miamba ni jambo la kubuniwa tu na wanajiolojia. Lakini mwanafunzi wake, Harold Clark, alitembelea visima vya mafuta vya Oklahoma mwaka 1938, akaona kwamba wachimbaji hutegemea mpangilio huohuo kila siku, nao hauwadanganyi. Clark alimwambia mwalimu wake hivyo, na Price alikasirika sana. Hata hivyo Clark hakuiacha imani yake katika Gharika. Tumkumbuke, maana yuko karibu na kijana wetu kuliko tunavyodhani.

Sasa tuje nyumbani. Tendaguru iko mkoani Lindi, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, na mamia ya vibarua wenyeji wakabeba mifupa kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. (Mifupa iko Berlin hadi leo, na mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa huko akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.) Anayeamini Gharika husema, "Mnyama mkubwa namna hii hakuzikwa isipokuwa kwa maji mengi." Ni kweli kwamba mfupa usiofunikwa mapema huoza au huliwa.

Lakini tazama miamba yenyewe. Pale kuna tabaka tatu zenye mifupa ya dinosaria, na kati yake kuna tabaka za mchanga wenye makombe ya baharini. Nchi kavu, bahari, nchi kavu tena, bahari tena. Baadhi ya miguu ya dinosaria ilikutwa imesimama wima ardhini, kama ya ng'ombe aliyenasa topeni. Gharika moja ya mwaka mmoja haielezi hayo kwa urahisi.

Laetoli, upande wa Ngorongoro, ni pagumu zaidi. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano, pamoja na nyayo za wanyama wengi na alama za matone ya mvua. Wanajiolojia wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 3.6. Hata ukiiweka kando hesabu hiyo, alama ya tone la mvua huhitaji uso ulio wazi hewani, si chini ya vilindi vya maji. Na sisi wa Kawe hatuna haja ya kwenda mbali: ukitembea ufukweni kuelekea Msasani na Oysterbay utaona miamba ya matumbawe ya kale iliyoinuka juu ya bahari. Tumbawe hujengwa na viumbe hai, polepole mwaka baada ya mwaka. Mwamba wa namna hiyo hukua mahali pake. Hauletwi na mafuriko.

Kwa hiyo mwalimu aseme nini? Aseme kweli: Gharika peke yake, kwa jinsi tunavyoijua miamba leo, haielezi visukuku vyote. Asimwambie kijana kwamba mifupa imethibitisha Mwanzo, maana kijana atakwenda maktaba Jumatatu. Soma tena Mathayo 24. Yesu alipomtaja Nuhu hakuzungumzia mawe. Alizungumzia watu waliokula, wakaoa, wasijue lolote mpaka siku ilipowafikia. Waebrania 11:7 humsifu Nuhu kwa kuamini jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona bado, si kwa ushahidi aliokuwa nao mkononi. Petro naye aliwajibu wenye dhihaka kwa kulitaja neno la Mungu. Na Ayubu 38 inamwacha Ayubu bila jibu hata moja kuhusu misingi ya dunia, lakini haimwachi bila Mungu.

Maswali ya kujadili:

Mshiriki akisema, "Kama Gharika haielezi visukuku, basi Biblia ni ya uongo," utamjibuje bila kumnyamazisha?

Kwa nini Clark aliweza kumpinga mwalimu wake na bado akabaki kanisani? Je, darasa lenu lingemvumilia?