Nani Ameshika Kamba?

Watu wa Nyarugusu hawahitaji semina ya ushirikiano. Nazungumzia Nyarugusu ya Geita, ya dhahabu, siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo mtu anashuka shimoni kwa kamba, na aliyebaki juu ndiye ameshika uhai wake. Mwaka 2015, kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kunaswa chini ya ardhi kwa siku 41, na waliosikia sauti zao walikuwa wachimbaji wenzao. Kama huo siyo ushirikiano, basi sijui neno hili lina kazi gani.

Lakini angalia nani yuko kwenye kamba hiyo. Wanaume. Mwanamke utamkuta pembeni anaponda mawe, anaosha marudio, anauza chakula. Wapo wanawake wenye leseni zao, ila ile imani kwamba mwanamke, hasa akiwa kwenye siku zake, anaifukuza dhahabu, bado haijafa. Na mgawo unafuata kamba. Wanaoshuka hulipwa kwa fungu la mawe yaliyotoka. Anayeponda hulipwa kwa alichoponda. Duara likitema, fungu linanenepa, ila ndoo ya mponda mawe inabaki ndoo.

Ndiyo maana nasita kidogo nikisikia wavulana na wasichana wa huku wafundishwe kushirikiana kupitia michezo ya timu. Sipingi. Nauliza tu: timu ya namna gani?

Siku moja nikiwa kazini Nyarugusu niliangalia zoezi kama hilo kwenye uwanja wa shule. Watoto walichanganywa vizuri, kila kundi likapewa mbao na kamba, wavuke "mto" uliochorwa chini bila kukanyaga maji. Dakika mbili hazijaisha, kwenye kundi moja mvulana kashakuwa nahodha, na hakuna aliyemchagua. Wasichana wawili wakapewa kazi ya kushika viatu vya wenzao. Kundi lao likavuka la kwanza, makofi yakapigwa. Mwalimu akauliza, "Mmeona umoja ni nguvu?" Binti mmoja, viatu bado mikononi, akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Je, walishirikiana? Kwa kipimo cha kufika ng'ambo, ndiyo, na wala hawakugombana. Lakini kama ushirikiano ni kufika tu, hata bwana na mtumwa wake wanashirikiana kuvuna shamba. Nadhani neno lenyewe linadai zaidi: mkono kwenye kazi, sauti kwenye uamuzi, na fungu kwenye mavuno. Wale mabinti walikuwa na mkono tu.

Kuna jaribio linalotajwa sana kwenye mjadala huu. Mwaka 1954, kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waligawa wavulana 22 makundi mawili na kuwashindanisha, pamoja na kuvuta kamba, mpaka wakachukiana. Kuwaweka pamoja kwenye chakula hakukusaidia. Kilichosaidia ni shida ya wote: maji kukatika, gari la chakula kukwama. Wakalivuta gari hilo pamoja, kwa kamba ileile waliyoshindania.

Kisa kizuri. Lakini wote walikuwa wavulana, rika moja, kila mmoja akijua ana haki ya kushika kamba. Shida ya pamoja huwaunganisha waliokwisha kuhesabiwa. Kwa asiyehesabiwa haifanyi mengi, na machimbo ni ushahidi: shida wanayo wote, kamba wanayo wachache.

Mtu ataniambia, acha watoto wacheze bwana, hayo ya mgawo watayakuta ukubwani. Sawa, ila mchezo hausubiri ukubwa. Chukua kombolela. Ukionekana umenaswa, unakaa na wenzako mlionaswa, na tumaini lenu lote liko kwa yule ambaye bado amejificha. Akiwahi kulipiga kopo, wote mko huru. Mara nyingi huyo ni kabinti kadogo kalikojibanza nyuma ya pipa, na hakuna anayeuliza kwa nini mkombozi kavaa gauni. Hakuna mtu mzima aliyewahubiria usawa. Kanuni ya mchezo ndiyo iliyompa kila mtoto uwezo wa kuwaokoa wenzake, na ndani yake hakuna nafasi ya mshika viatu.

Hicho ndicho ningeomba walimu waige. Anayeongoza mzunguko huu asiongoze ujao. Kamba ihame mkono hadi mkono kwa kanuni, isiachwe kwenye huruma ya mwenye sauti kubwa. Zawadi, hata kama ni pakiti ya biskuti, igawiwe na watoto wenyewe mbele ya wote. Watabishana, na zoezi litachelewa. Waache wabishane, maana hapo ndipo binti anapojifunza kuuliza, "Mbona fungu langu dogo?"

Akizoea kuuliza hivyo akiwa na miaka kumi, atauliza tena siku atakapofika duarani. Hapo hatapigiwa makofi. Anayetaka timu tulivu ajue kwamba utulivu huo kuna mtu anaulipia, amesimama pembeni na viatu vya wenzake.