Sala au Umbeya?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: ukimwombea mgonjwa mbele za watu bila ruhusa yake, umemsaidia au umemtangaza?

Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo: kaya chache za majirani wanaosali nyumba kwa nyumba. Humo mgonjwa hufuliwa nguo, huchotewa maji, hupikiwa uji. Kweli, jirani mwema ni dawa. Lakini jirani huyohuyo ana macho na mdomo. Utasikia, "Tumwombee dada yetu, si mnajua tena anaumwa nini!" Jamani, hiyo ni sala au umbeya uliovaa kanga ya Jumapili?

Wapo watakaosema ukimya ndio ulioupa UKIMWI nguvu, tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Nakubali, ukimya uliua. Ila kuuvunja ni haki ya anayeumwa, siyo yetu. Akitaka kusema, tumsikilize. Asipotaka, tumpikie, tumfulie, tunyamaze. Tukisali, nadhani Mungu anaujua ugonjwa wake hata tusipoutaja.