Sahihi ya Bure

Ukimdhamini rafiki achukue mkopo wa sacco, unajua mapema kitakachotokea akihepa: akiba yako ndiyo italipa. Ndiyo maana watu huisoma ile fomu mara mbili, kisha wanaulizia chini ya maji kama jamaa bado ana kazi. Sasa fikiria sahihi ambayo haikugharimu chochote hata mambo yakiharibika. Ungeisoma fomu kwa makini hivyo?

Swali hilo hunijia kila ninapokagua kiraka cha Linux. Keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo inabeba kila simu ya Android, kwa hivyo huenda iko mkononi mwako saa hii. Sehemu kubwa ya msimbo wake ni madraiva, yale yanayoiwezesha mashine kuongea na kamera, spika au waifai. Programu ya kawaida ikikosea, inajifunga tu, unaifungua tena. Draiva ikikosea inaweza kuangusha mashine nzima, manake inafanya kazi ndani ya keneli.

Viraka vingi ni vidogo. Chukua huu mfano: draiva imeomba memori, kifaa kikakataa kuwaka, nayo ikatoka bila kuirudisha. Mtu analeta mstari mmoja wa kuirudisha. Nani atapinga? Aliyeazima si arudishe? Lakini kuna memori nyingine ambayo keneli huirudisha yenyewe draiva ikishindwa kuanza. Ukiongeza ule mstari hapo, memori itarudishwa mara mbili, na mara ya pili huenda ishapewa mwingine. Dawa imegeuka sumu. Na huwezi kuliona hilo ukikodolea macho mstari mmoja. Lazima upande juu uone memori iliombwa vipi.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walituma viraka vidogo vyenye kasoro za makusudi ili wapime kama wakaguzi watashtuka. Aprili 2021, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa keneli, akapiga marufuku michango ya chuo hicho. Kuna wanaosema watafiti walifichua ukweli. Ni kweli walifichua, na bado walikosea. Walikula muda wa watu bila ridhaa yao, na wakafanya mwanafunzi anayeleta kiraka chake cha kwanza atazamwe kama mwizi.

Basi tumshuku kila mtu? Hapana. Shaka na uzembe ni ndugu: vyote viwili huangalia jina la mtu badala ya kazi yake. Anayempitisha msee kwa sababu ni maarufu, na anayemkataa kwa sababu hajulikani, wote hawajasoma.

Napenda vile keneli inatenganisha ushahidi. Kuna alama ya aliyekubali, ya aliyejaribu na ya aliyekagua. Kama sina hicho kifaa mezani, siwezi kusema nimejaribu, hata kama msimbo unapendeza vipi. Na nikisema nimekagua, sijaahidi kwamba hakuna kasoro iliyobaki. Nimesema tu kwamba nimesoma, nimeuliza, na majibu yameniridhisha. Ni dai dogo, lakini lazima liwe la kweli.

Kuna wanaoona kuuliza maswali juu ya mstari mmoja ni kiburi, na kwamba utu ni kuandika "iko sawa" mwenzako aendelee. Mimi sioni hivyo. Aliyeandika ule mstari alikaa nao usiku, na kuupitisha bila kuusoma ni kumwambia kazi yake haistahili dakika ishirini zangu. Halafu kuna yule wa Kayole au Likoni ambaye hajui hata draiva ni nini, anataka tu simu isizime katikati ya kutuma pesa. Hakuna fomu itakayonidai kwa niaba yake. Kwa hivyo sahihi hii ya bure nailipia mbele, kwa kusoma.